Goma–Bukavu: Wapenzi wa michezo ya video wanauziana piesi za kompyuta, urafiki peke yake si garanti

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, kijana mwenye kutafuta karti ya grafiki ama bareti ya RAM kwa bei ya chini mara nyingi haanzii katika magazini. Anaanzia kwa marafiki anaocheza nao. Mmoja akibadilisha piesi ya mashini yake, ile ya zamani inapata bwana mpya ndani ya grupu ya WhatsApp, kabla haijafika kwa fundi wa kartye. Biashara hii inasaidia wengi. Lakini ikiharibika inaondoa vitu viwili kwa mara moja: feza na urafiki. Mambo yenye kuiharibu yanajulikana, na mengi yanaweza kuzuiwa kwa saa moja ya majaribio na mistari michache ya maandishi.

Piesi inashuka kutoka mashini hadi mashini

Mchezaji hanunui kompyuta nzima kila mara. Anaijenga kidogo kidogo: leo RAM, kisha SSD, kisha karti ya grafiki, ile yenye kuchora picha za mchezo kwenye skrini na ambayo kwa kawaida ndiyo ghali kuliko zote. Kila piesi mpya ikiingia, ya zamani inatoka. Ile ya zamani ingali na kazi. Karti isiyotosha tena kwa mtu mwenye skrini kubwa inaweza kumfurahisha kwa miaka mingine mdogo wake mwenye kucheza mpira wa kompyuta kwenye skrini ya kawaida.

Ndiyo maana piesi moja inaweza kupita katika mashini tatu ama nne za marafiki wa kartye moja. Muuzaji anarudisha sehemu ya feza alizotumia, na mnunuzi anapata kitu ambacho hangeweza kukinunua kikiwa kipya. Pia anajua kilitoka wapi: alikiona kikifanya kazi siku waliyocheza pamoja. Katika piesi ya okazyo, historia hiyo ina faida kubwa kuliko sanduku lake la kwanza.

Piesi mpya zenyewe zinatoka mbali. Kwa Butembo na Beni, bidhaa nyingi zinapitia mpaka wa Kasindi zikitoka Uganda. Lubumbashi inategemea sana Kasumbalesa. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana tangu zamani kwa safari zao za Dubai na China. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Mabenki yalifunga milango, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Katika hali kama hiyo, karti iliyokwisha kuingia mjini, ndani ya mashini ya rafiki, inaonekana karibu kuliko ile inayongoja barabara.

Bei za dunia zinafika hadi kartye

Mtu akiuliza kwa nini karti ya miaka sita bado inauzwa dola nyingi, jibu linaanzia 2020. Mwezi wa tisa mwaka huo, kampuni ya Nvidia ilitoa karti ya RTX 3080 kwa bei iliyotangazwa ya dola 699. Wachache waliipata kwa bei hiyo. Viwanda havikutosheleza mahitaji wakati wa ugonjwa wa COVID-19, na wachimbaji wa feza za kidijitali walinunua karti kwa wingi ili kupata sarafu ya Ethereum. Karti hiyo ilikuja kuuzwa mkono kwa mkono kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya kiwanda.

Tarehe 15 mwezi wa tisa 2022, Ethereum ilibadilisha namna yake ya kufanya kazi, na karti za grafiki hazikuhitajika tena kuichimba. Wachimbaji walimwaga karti zao sokoni. Tangu hapo, swali la kwanza la mnunuzi wa karti ya miaka ile limekuwa moja: ilichimba ama haikuchimba?

Hapa kuna jambo moja la kusafisha kwa wakaaji wa Kivu ya Kaskazini. Mbuga ya Virunga inachimba Bitcoin tangu 2020 kwa umeme wa maji wa Luviro, na wengine wanadhani mashini zile zikizeeka zitaweza kuuzwa kwa wachezaji. Haiwezekani. Bitcoin inachimbwa kwa mashini zilizotengenezwa kwa hesabu hiyo moja tu. Haziwezi kuonyesha mchezo wowote.

Karti iliyochimba haimaanishi karti iliyokufa. Chipu yake inaweza kuwa nzima, hasa kama mwenyewe aliipunguzia nguvu ili kuokoa umeme. Vinavyochoka ni vantilateri zilizozunguka usiku na mchana, pamoja na mafuta mazito na vitambaa vya kupitisha joto vilivyo kati ya chipu na chuma cha kupoza. Vitu hivyo vinabadilishwa. Ila bei lazima ionyeshe kazi hiyo, na muuzaji lazima aseme.

Mwishoni mwa 2025 shida ilihamia kwenye RAM. Viwanda vya chipu za kumbukumbu vilielekeza nguvu zao kwa vituo vikubwa vya akili bandia, na bei ya bareti za kawaida ikapanda sana. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba itaacha kuuzia watu wa kawaida chini ya jina la Crucial, jina ambalo wachezaji walilizoea kwa miaka mingi. Kwa hiyo bareti iliyolala ndani ya sanduku nyumbani inaweza kuwa na bei tofauti na ile mwenyewe aliyoizoea. Rafiki anayeuza bila kuangalia bei ya siku anaweza kujikuta, wiki moja baadaye, akiamini kwamba alidanganywa.

Ugomvi mwingi unaanza na piesi nzima

Inaweza kushangaza, lakini piesi nzima kabisa inaweza kuleta maneno mengi kuliko ile iliyoharibika. Mnunuzi analipa, anafika nyumbani, piesi haiingii, na anarudi akisema aliuziwa kitu kibovu. Muuzaji anaiweka katika mashini yake, inafanya kazi. Kila mmoja anaona mwenzake ni mwongo.

RAM ni mfano wa kwanza. DDR3, DDR4 na DDR5 zina mkato wa chini uliowekwa mahali tofauti, kwa hiyo moja haiingii katika nafasi ya nyingine. Bareti ya kompyuta ya mezani pia ni ndefu kuliko ile ya kompyuta ya kubeba. Prosesa nayo inafuata soketi ya karti-mama: Ryzen ya soketi AM4 haikai kwenye AM5. Hata ndani ya AM4, karti-mama ya miaka ya kwanza inaweza kukataa Ryzen 5000 hadi BIOS yake isasishwe. Bila kujua hilo, mtu anaweza kutupia lawama prosesa ambayo haina kosa.

Shida kubwa zaidi iko katika mashini za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex na zile za HP, ambazo vijana wengi wanazinunua kwa sababu ni rahisi. Zile nyembamba zinahitaji karti fupi yenye bati fupi la nyuma. Alimantasio yake, yaani lile sanduku la kugawa umeme ndani ya mashini, ni ndogo, na mara nyingi haina waya wa ziada kwa ajili ya karti. Kwa mashini kama hiyo, GTX 1050 Ti ya 2016 ilipendwa kwa sababu inakula wati 75 tu na aina nyingi zake hazihitaji waya wa ziada. RTX 3080 ni jambo lingine: Nvidia inashauri alimantasio ya wati 750. Rafiki anayemuuzia mwenzake karti kubwa bila kuuliza alimantasio yake ni ya wati ngapi, anamuuzia nusu ya kitu.

Dawa yake ni picha. Kabla ya kutoa hata dola moja, mnunuzi anatuma picha ya ndani ya mashini yake, picha ya kibandiko cha alimantasio, na jina la karti-mama. Muuzaji anaangalia kama vinaendana. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

Kila piesi inazeeka kwa njia yake

Prosesa ni kati ya vitu salama zaidi kununua kikiwa cha okazyo. Haina kitu kinachozunguka, na kuharibika kwake si jambo la kila siku. Kinachoangaliwa ni miguu yake kama haikupinda, ama kwa Intel za sasa, miguu ya soketi iliyo kwenye karti-mama.

RAM pia inaishi miaka mingi, lakini kosa lake linajificha. Mashini inawaka vizuri, kisha inazima katikati ya mchezo. Programu ya MemTest86, inayowashwa kutoka ufunguo wa USB kabla ya Windows, inapitia kila sehemu ya RAM na kuhesabu makosa. Jibu linalokubalika ni sifuri. Kosa moja tu linatosha kurudisha bareti kwa mwenyewe.

SSD inafanana na daftari lenye kurasa za kuhesabiwa. Kiwanda kinatangaza kiasi cha kuandika inachokivumilia: kwa Kingston A400 ya GB 480, kwa mfano, ni TB 160. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaonyesha kiasi kilichokwisha kuandikwa, masaa ambayo diski imewaka, na hali ya afya kwa asilimia. Picha ya ukurasa huo, iliyopigwa mbele ya wote wawili, inamaliza maneno mengi. Kwa diski ngumu ya kuzunguka, hatari ni sekta mbovu. Zikianza kuonekana, diski hiyo haifai tena kwa kitu cha maana, hata kama bei ni ya chini namna gani.

Alimantasio ni piesi ambayo hata rafiki mzuri anapaswa kusita kuiuza. Ndani yake mna vitunza umeme vinavyochoka kwa joto na kwa miaka, na ikivunjika vibaya inaweza kuondoka na karti-mama pamoja na diski. Katika miji ambamo kuranti inakatika na kurudi kwa nguvu isiyo sawa, uchovu huo unaongezeka. Alimantasio ya zamani isiyojulikana jina haifai kuunganishwa na karti ya dola mia tatu. Kama kuna mahali pa kununua kipya, ni hapa.

Karti ya grafiki inajaribiwa kwa kazi, haijaribiwi kwa macho tu. Inawekwa katika mchezo mzito, ama programu ya FurMark, kwa muda wa nusu saa. Wakati huo watu wanaangalia joto, wanasikiliza vantilateri, na wanatafuta alama za ajabu kwenye skrini: nukta za rangi, mistari, picha kukatika. Joto la digrii 80 kwenye kazi kubwa ni la kawaida kwa karti nyingi. Likipita 90 na kuendelea kupanda, kuna kazi ya kufanya ndani kabla ya kuzungumza bei. Kila tundu la skrini linajaribiwa pia, kwa sababu moja linaweza kufa huku mengine yakiendelea.

Karti zenye jina la uongo

Hatari nyingine inaweza kumkuta hata muuzaji mwenye moyo safi: yeye mwenyewe alidanganywa. Kwa miaka mingi, karti za Nvidia za 2010 na 2011, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zimebadilishwa programu ya ndani na kuuzwa kwa jina la GTX 1050 Ti. Windows inaonyesha jina jipya, lakini mchezo unakwenda kwa mwendo wa karti ya zamani, ama hauanzi kabisa. Programu ya GPU-Z, tangu 2018, inatambua nyingi za karti hizo na kuandika wazi kwamba ni za uongo.

Kuna pia mchezo wa majina ambao si uongo wa moja kwa moja. RX 580 ya AMD iliyotoka 2017 ina vitengo 2304 vya kuhesabu. Mwaka 2018 ilitoka China RX 580 nyingine yenye vitengo 2048, sawa na RX 570. Zote zinaitwa RX 580. Anayeuza ya pili kwa bei ya kwanza anamwibia mwenzake, hata kama hakujua.

Umri wa karti unahesabiwa pia kwa programu zake. Nvidia ilitoa mwezi wa kumi 2025 programu za mwisho za michezo mipya kwa familia za GTX 900 na GTX 10, na kuahidi masahihisho ya usalama tu hadi mwezi wa kumi 2028. GTX 1060 itaendelea kuwaka na kucheza michezo ya zamani. Ila mnunuzi anayeota michezo itakayotoka mwaka kesho ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya kulipa. Ni vilevile kwa mashini nzima: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, na prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane hazimo katika orodha ya Windows 11.

Bei ya rafiki na deni la rafiki

Kati ya marafiki, bei inasumbua kwa njia mbili. Muuzaji anaona aibu kutaja bei ya soko, anataja ya chini, kisha anajuta. Ama mnunuzi anaona aibu kujadiliana, analipa, kisha anaona piesi hiyo hiyo kwingine kwa bei ndogo. Njia iliyo rahisi ni kuweka bei ya soko mezani kwanza: leo mpya ni dola ngapi, ya okazyo ni ngapi, hii ina miaka mingapi. Baada ya hapo, kama muuzaji anataka kupunguza kwa ajili ya urafiki, anapunguza akijua ni kiasi gani anatoa zawadi, na mwenzake anajua amepokea nini.

Malipo nayo yanahitaji maneno wazi. Je, ni dola ama franka, na kwa kiwango gani cha siku? Nani analipa makato ya M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money? Noti ya dola yenye kupasuka ama kuchakaa, ambayo wengi wanaikataa, itapokelewa? Kwa malipo ya telefone, muuzaji anaangalia salio lake mwenyewe. Ujumbe unaosema feza zimeingia unaweza kuwa umeandikwa na mtu.

Deni ndilo lenye kuvunja urafiki haraka. Kijana anachukua karti, anatoa nusu, anaahidi nyingine mwisho wa mwezi. Karti inakufa wiki ya tatu. Je, nusu iliyobaki inalipwa? Kama jambo hilo halikusemwa mwanzoni, hakuna jibu ambalo wote wawili wataliona kuwa la haki. Wenye kufanya biashara hii kwa amani wanaandika ujumbe mmoja ndani ya WhatsApp: jina la piesi na namba yake ya kiwanda, hali yake, matatizo yanayojulikana, bei, tarehe za malipo, na siku ngapi piesi inaweza kurudishwa kama ikionyesha kosa. Siku saba zinatosha kwa karti ama RAM iliyojaribiwa vizuri. Namba ya kiwanda inazuia pia ujanja wa kurudisha piesi nyingine mahali pa ile iliyouzwa.

Sheria inasema nini

Wengi wanafikiri kwamba mauzo ya mkono kwa mkono kati ya marafiki yako nje ya sheria. Hapana. Agizo la tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mikataba, ambalo bado ni msingi wa sheria ya mikataba nchini Kongo, linamtaka muuzaji kujibu kwa kasoro zilizofichika, zile zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Hajibu kwa kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupata feza zake, ama kukibakiza na kurudishiwa sehemu ya bei, lakini anapaswa kufanya haraka. Muuzaji aliyejua kasoro na kunyamaza anabeba mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa anaweza kudaiwa na hasara iliyofuata.

Ni wachache watakaokwenda mbele ya hakimu kwa ajili ya bareti ya RAM. Hata hivyo kanuni hiyo inaonyesha mpaka ulio wazi: kasoro iliyosemwa ni sehemu ya bei, na kasoro iliyofichwa ni deni la muuzaji. Kuna pia swali la umri. Mtu wa chini ya miaka 18 hana, mbele ya sheria ya Kongo, uwezo kamili wa kufanya mkataba peke yake. Mwanafunzi anayeuza karti iliyonunuliwa na baba yake anaweza kumletea mnunuzi mzazi mwenye hasira mlangoni. Ni vizuri mzazi ajue mapema.

Chanzo cha piesi kinaulizwa bila aibu. Katika miji ambamo nyumba, ofisi na shule viliibiwa wakati wa mapigano, mashini nyingi zilibadilisha mikono bila ruhusa ya wenyewe. Kununua kitu huku ukijua kimeibiwa kunaadhibiwa na sheria. Bei ya chini sana, isiyo na sanduku, isiyo na risiti na isiyo na hadithi, ni sababu ya kuacha.

Kabla ya kumpa mwenzako

Diski inaondoka na maisha ya mwenyewe. Picha za familia, maneno ya siri, namba za benki, mazungumzo: kufuta faili kwa kawaida hakuviondoi kabisa. Diski ngumu inaandikwa upya yote. SSD inasafishwa kwa amri ya kiwanda, inayopatikana katika programu ya kampuni yake ama katika BIOS. Akaunti ya Windows inaondolewa kwenye mashini. Akaunti ya Steam haiuzwi pamoja na kompyuta: masharti ya Steam yanakataza kuuza akaunti, na aliyeinunua anaweza kuipoteza siku mwenye jina la kwanza akiidai.

Majaribio yenyewe yanahitaji kuranti. Watu wanakubaliana saa ambayo umeme upo, ama mahali penye jenereta na stabilizateri, na mashini ya mnunuzi ndiyo inayotumiwa, kwa kuwa ndiyo piesi itakamoishi. Umeme ukikatika katikati ya majaribio, malipo yanasubiri. Kulipa kwanza na kujaribu kesho ni mlango ambao lawama nyingi zinapitia.

Jiwe linaondoka, karti inarudi

Kwa wakaaji wa mashariki, piesi hizi zina upande mwingine. Tantali, madini yenye kutoka katika koltani, inatumika katika vitunza umeme vidogo vya vifaa vya elektroniki. Mwezi wa tisa 2024, Umoja wa Mataifa uliambia Baraza la Usalama kwamba Rubaya, katika eneo la Masisi, inatoa zaidi ya 15% ya tantali ya dunia. Machimbo hayo yako mikononi mwa M23 tangu mwezi wa nne 2024. Kasiteriti ya Walikale inatoa bati, ambayo kwayo piesi zinashikamanishwa kwenye karti. Madini yanaondoka yakiwa jiwe, yanazunguka Asia, na baadhi yake yanarudi Birere ama Kadutu ndani ya kifaa chenye bei ambayo mchimbaji hataweza kuilipa.

Kitu kilichogharimu hivyo kinastahili kutumika hadi mwisho. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za takataka za elektroniki, na kulingana na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024, ni 22.3% tu zilizokusanywa na kurudishwa kiwandani kwa njia inayojulikana. Karti inayopita katika mikono ya marafiki wanne inachelewa kufika katika rundo hilo.

Ili mzunguko huo uendelee, kila mmoja katika grupu anahitaji kuamini kwamba atakapouziwa, ataambiwa yote. Muuzaji anayeandika kwamba vantilateri moja inapiga kelele, kwamba karti ilifunguliwa mara moja, ama kwamba ilichimba kwa mwaka mzima, anaweza kupoteza dola kumi siku ile. Siku atakayokuwa na piesi nyingine ya kuuza, hatahitaji kutafuta mnunuzi mbali.